Shika njia yako: kwa sprinta mpya, kuhusu ubabe na adhabu katika mita 300 za mwisho

Ukishainuka kwenye kiti na kuanza sprinti, njia uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Ukihama, na kuhama huko kukamweka mwenzako hatarini, umevunja kanuni. Hivyo ndivyo UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, inavyoamuru, na anayeanza anapaswa kuisoma kanuni hiyo mara mbili ili aone kisichomo ndani yake: haina neno lolote kuhusu nia. Mwamuzi hatakiwi kujua kama ulimwona mwenzako, kama ulimkasirikia au kama usukani ulikuponyoka. Anatazama kama umehama, kisha anatazama kama kuhama kwako kumemfunga mtu. Barabara ikiwa tupu ubavuni mwako unaweza kuhama mita tatu na hakuna atakayekuita.

Ukali wa kanuni hii unatokana na kasi. Sprinti ya tambarare hufika kilomita 65 hadi 75 kwa saa. Chukua 72: hizo ni mita 20 kila sekunde. Mita 200 za mwisho zinaisha kwa sekunde 10, na nusu sekunde anayohitaji mtu kuona hatari na kupeleka vidole kwenye breki ni mita 10 zilizokwishapita. Baiskeli nzima haifiki mita mbili kwa urefu. Kwa hiyo mwenzako ambaye gurudumu lake la mbele liko sambamba na kanyagio lako hana muda wa kufunga breki ukimjia. Atakuegemea au ataanguka. Ukihama kwa upana wa usukani mmoja tu, yaani sentimita 40 hivi, umeshaichukua nafasi yote aliyokuwa nayo.

Wengi wanaohama si wababe. Wanahama kwa sababu wameinamisha kichwa hadi chini ya usukani na hawaoni barabara. Wengine wanageuza shingo kumtazama anayekuja, na baiskeli hufuata macho: ukitazama nyuma kulia, utaelekea kulia. Wengine wamechagua gia nzito mno, kila kanyago linaiyumbisha baiskeli, na wanapochoka kwenye mita 50 za mwisho kuyumba kunageuka kuwa kuhama. Halafu kuna upepo wa ubavuni, ambao humfanya aliye mbele asogee kidogo kidogo kuelekea uzio ili aliye nyuma asipate kivuli cha upepo. Huyo wa mwisho anajua anachofanya, na waamuzi nao wanajua.

Dawa yake ni mazoezi ya kuchosha lakini mepesi kueleza. Kabla ya mbio, pita mita 500 za mwisho na uchague kitu cha kushika kwa macho: mstari mweupe wa barabara, mshono wa lami, nguzo ya lango la kumalizia. Angalia barabara inapinda wapi, kwa sababu kona ndogo ndani ya mita 200 za mwisho huwafanya watu wahame bila kujua. Mazoezini, tafuteni kipande cha barabara kilichofungwa magari, mkimbie wawili wawili kwa mita 150 huku mstari mweupe ukiwa kati yenu, na mwenzenu arekodi kwa simu akiwa amesimama mwisho wa barabara, simu ikiwa kwenye kimo cha usukani. Gurudumu la mbele la mmoja likivuka mstari, sprinti hiyo haihesabiwi hata kama ameshinda. Ukitaka kujua nani yuko nyuma, chungulia chini ya kwapa kabla hujainuka. Ukishainuka, muda wa kuchungulia umekwisha.

Kuhusu mikono: shika sehemu ya chini ya usukani, na kidole gumba kizunguke chuma kikutane na vile vingine. Gumba likilala juu pamoja na vidole vingine, mguso mdogo wa kiwiko cha jirani unautoa mkono wako mahali pake, na ukishika usukani kwa mkono mmoja kwa kasi ile umekwisha. Viwiko vikunjwe, visinyooshwe. Mkono uliokunjwa hupokea msukumo; ulionyooka huupeleka moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele.

Sasa tuzungumzie uzio, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza mwili na kazi. Tarehe 5 Agosti 2020, katika hatua ya kwanza (yaani mbio za siku moja ndani ya mashindano ya siku nyingi) ya Tour of Poland mjini Katowice, mwisho wa mbio ulikuwa kwenye mteremko na kasi ilikaribia kilomita 80 kwa saa. Sprinta Dylan Groenewegen alikuwa mbele, mpinzani wake Fabio Jakobsen akaja kumpita upande wa uzio, na Groenewegen akazidi kusogea upande ule hadi nafasi ikaisha. Jakobsen alitupwa kwenye vizuizi, navyo vikasambaratika. Madaktari walimweka katika usingizi wa dawa, na alihitaji upasuaji zaidi ya mmoja kutengeneza uso na kinywa chake. Groenewegen naye alivunjika mfupa wa bega. Aliondolewa kwenye matokeo, ushindi akapewa Jakobsen, kisha UCI ikamfungia miezi tisa, hadi Mei 2021.

Jifunze mambo mawili hapo. Kama wewe ndiye uliye mbele na umeanzia karibu na uzio, ama uubane tangu mwanzo kiasi kwamba hakuna anayeweza kufikiri kuna nafasi, ama uache mita moja na zaidi na uilinde hiyo nafasi mpaka mwisho. Kuufungua mlango kisha kuufunga mtu akiwa ameshaingia ndilo kosa lenyewe. Na kama wewe ndiye unayekuja nyuma, usiingie kwenye pengo linalopungua ukitumaini litapanuka. Una haki ya njia pale tu mlango ulipokuwa wazi ulipoanza kuingia. Hii ni sawa na dereva wa daladala anayechomekea: anayechomekea hawezi kumlaumu aliyekuwa kwenye njia yake.

Dijon, hatua ya 6 ya Tour de France 2024, ni somo la wazi lisilo na damu. Jasper Philipsen alimaliza wa pili nyuma ya Groenewegen, kwa tofauti ndogo mno. Waamuzi wakatazama picha, wakaona amehama na kumbana Wout van Aert kwenye uzio, wakamshusha hadi mkiani mwa kundi. Kwenye hatua ya tambarare ya Tour ile, nafasi ya pili ilikuwa na pointi 30 za jezi ya kijani, ambayo huvaliwa na anayeongoza kwa pointi. Zote zikapotea. Siku chache baadaye, Villeneuve-sur-Lot, Arnaud Démare na Mark Cavendish wakashushwa kwa kosa hilo hilo, siku ambayo Biniam Girmay wa Eritrea alipata ushindi wake wa tatu katika Tour ile. Girmay aliifikisha jezi ya kijani mwisho wa mbio, na jezi hiyo hujengwa kwa kukusanya pointi kila siku. Anayeshushwa mara moja analipa kwa wiki tatu.

Mabega na viwiko ni habari nyingine, na hapa wapya huogopa kupita kiasi. Kugusana kunaruhusiwa kwa maana ya kwamba hakukwepeki: watu ishirini wanagombania kufuata gurudumu moja, mabega yatakutana. Unaweza kuegemea ili ulinde nafasi yako. Huwezi kusukuma ili uchukue ya mwenzako. Kichwa na mikono havina mjadala. Mwaka 2010, Bourg-lès-Valence, Mark Renshaw alimpiga Julian Dean kwa kichwa mara tatu, kisha akamfungia njia Tyler Farrar. Alitolewa kwenye Tour siku hiyo hiyo. Mwaka 1997 Tom Steels alimrushia mwenzake chupa ya maji katikati ya sprinti ya Marennes, naye akafukuzwa, na katika sprinti hiyo hiyo Erik Zabel aliyefika wa kwanza akanyang'anywa ushindi kwa kutumia kichwa. Mwaka 2020, Poitiers, Peter Sagan alijipenyeza upande wa uzio na kumgonga Van Aert kwa bega na kichwa. Alifika wa pili, akashushwa mkiani, na Sam Bennett akazidi kumwacha kwa pointi na hatimaye akaivaa jezi ya kijani Paris.

Zoezi la kuzoea mguso: nyasi za uwanja wa mpira, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, wawili sambamba, bega kwa bega, dakika tano tano. Mkianguka mnaanguka kwenye nyasi. Baada ya wiki kadhaa, mwili unaacha kukakamaa ukiguswa, na mtu asiyekakamaa hana haja ya kujibu kwa kiwiko.

Wavutaji wa treni, yaani wanaomtangulia sprinta na kumkata upepo, wana hatari yao. Ukimaliza zamu yako ukiwa na mita 250, usinyanyue mikono kushangilia, usiongee na redio, usiache kukanyaga ghafla katikati ya barabara. Nyuma yako wanakuja watu kwa mita 20 kila sekunde. Endelea kukanyaga kwa nguvu ndogo, shika njia iliyonyooka, waache wakupite pande zote. Kupunguza mwendo kizembe ndani ya kundi siku hizi kunaleta kadi ya njano.

Kadi hizo zilijaribiwa kuanzia Agosti 2024, na adhabu zake zikaanza kutumika Januari 2025. Mwamuzi hakuonyeshi kadi kwa mkono kama refa wa mpira. Unasoma jina lako kwenye taarifa ya waamuzi baada ya hatua. Kadi mbili katika mbio moja zinakutoa mbioni na kukufungia siku 7. Kadi tatu ndani ya siku 30 ni siku 14 nje. Sita ndani ya mwaka ni siku 30. Madereva wa magari ya timu na mameneja nao hupewa. Kadi huja juu ya adhabu za zamani: faini kwa faranga za Uswisi, kukatwa pointi, kushushwa nafasi, kuondolewa mbioni, na kwa makosa mazito, kufungiwa kama Groenewegen.

Je, adhabu hizi ni za haki? Mara nyingi ndiyo, ila zina ugonjwa mmoja usiopona: aliyeumiza mtu huadhibiwa zaidi kuliko aliyehama vile vile na mwenzake akanusurika. Vittel, 2017, Cavendish alianguka kwenye uzio kando ya Sagan na kuvunjika mfupa wa bega. Kwanza Sagan alipewa adhabu ya sekunde 30 na pointi 80. Baadaye jioni ile akafukuzwa kwenye Tour. Timu yake ilikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kuomba arudishwe mbioni haraka, ikakataliwa. Desemba pande zote zikakubaliana kwamba lilikuwa tukio la bahati mbaya lisilokusudiwa. Tour ilikuwa imekwisha zaidi ya miezi minne kabla. Kesi hiyo ndiyo iliyoisukuma UCI kumweka mwamuzi maalumu wa video kwenye mbio kubwa, na hatua hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo, mwaka 2025, katika hatua ya 3 ya Tour iliyoishia Dunkerque, Bryan Coquard aliguswa na Laurenz Rex kwenye sprinti ya katikati ya njia, yaani ya kugombania pointi kabla ya mwisho wa hatua, akapoteza mhimili, akamgonga Philipsen aliyevaa jezi ya kijani. Philipsen alivunjika mfupa wa bega na kurudi nyumbani. Coquard akapewa kadi ya njano. Kwa macho yetu kadi ile ilifuata mfupa uliovunjika kuliko kosa lililofanyika.

Katowice nako kuna deni ambalo halikulipwa kikamilifu. Groenewegen alistahili kufungiwa. Lakini hakuwa yeye aliyechagua mteremko ule kuwa mahali pa sprinti, wala aliyefunga vizuizi vilivyoachana vilipogongwa. Kijana unayeingia kwenye mchezo huu una haki ya kuuliza: uzio wa mita 200 za mwisho umeunganishwa bila mwanya? Miguu yake ya chuma imetokeza upande wa barabara, ambako kanyagio linaweza kunasa? Mwambie meneja wako aulize kwenye kikao cha kabla ya mbio, ambapo waamuzi wapo na majibu yanaandikwa.

Kwa wale wanaojifunza uamuzi, hasa baada ya mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025 kuwavuta wengi kwenye kazi hiyo katika ukanda wetu: msianze na picha ya mbele. Lenzi ya mbali hubana umbali, na walioachana kwa urefu wa baiskeli mbili huonekana wamegandana. Anzeni na picha ya juu, chagueni mstari wa barabara, fuateni gurudumu la mbele la kila mmoja tangu alipoinuka. Andikeni uamuzi kabla ya kuuliza nani amelazwa hospitali.

Na wewe sprinta, ukiitwa na waamuzi, nenda na meneja, eleza kwa ufupi ulianzia njia gani na nani alikuwa wapi. Usibishane kuhusu nia, kwa sababu hukuulizwa. Waamuzi wakishaamua walichokiona mbioni, kwa kawaida hakuna rufaa ya jambo hilo. Soma taarifa yao ya jioni mwenyewe, usingoje kuambiwa, na uandike tarehe ya kila kadi: ya tarehe 5 Machi bado inahesabika tarehe 1 Aprili, hata kama umeshabadilisha mbio na nchi.