Mwaliko wa Sikukuu ya Shukrani na hofu ya nyama isiyo halali

Dada yangu, umealikwa na wafanyakazi wenzako Wamarekani kula Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, nawe unahofia bata mzinga ambaye hakuchinjwa kihalali. Usikatae mwaliko. Mweleze mwenyeji mapema, kwa upole, wala usingoje kufika mezani, kwa sababu mkate wenye viungo anaojaziwa bata huyo mara nyingine huchanganywa na soseji ya nguruwe, na hata ganda la pai ya maboga huweza kutiwa mafuta ya nguruwe. Mgeni kwenda na chakula ni jambo la kawaida huko: peleka sinia la pilau ya kuku wa bucha la halali, na kachumbari, pilipili ukiitenga pembeni (ukali wetu huwatoa wengi machozi).