Vifaranga wa sato wamekufa bwawani, chumvi au mimi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa Mlingotini, Bagamoyo, ambalo maji ya bahari huingia kila bamvua, yaani bahari ikijaa sana. Nilileta vifaranga 300 wa sato kutoka Morogoro, nikauacha mfuko uelee dakika 20, kisha nikawaachia. Kesho yake jioni walibaki wachache. Jirani ananiambia nisihofu, hao wamezoea na watoto wao watazaliwa wamezoea. Kweli?

JIBU: Marahaba, na pole kwa hasara. Mfuko ulifanya vyema kuuacha uelee, ila dakika 20 zinasawazisha joto tu.

Damu ya sato ina chumvi kuliko maji ya mto, kwa hiyo maji humwingia muda wote kupitia matamvua. Huyatoa kwa mkojo mwingi, na matamvua huvuta chumvi kutoka nje. Mtie kwenye chumvi kali, mambo yanapinduka: maji yanamtoka, anakauka akiwa majini! Inambidi anywe maji ya bahari, na chembehai za matamvua zijigeuze zianze kutema chumvi badala ya kuivuta. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, nawe hukumpa hata saa moja.

Safari ijayo waweke kwanza kwenye simtanki. Lita 1 ya maji ya bahari kwa lita 6 za kisima itakupa kama gramu 5 za chumvi kwa lita, maana bahari ina takriban 35. Panda gramu 5 kwa siku, uishie 15; zaidi ya hapo sato hata akiishi hanenepi. Na bwawa lipime Februari, jua likiwa kali. Kipimo cha masika kitakudanganya.

Jirani yako kapata nusu. Mazoea ya samaki mmoja hayaendi kwa watoto. Ila kama waliopona walizaliwa wagumu, ugumu huo unaweza kurithiwa, japo ni kazi ya vizazi vingi, na kuzalisha ndugu kwa ndugu kuna madhara yake. Mimi ningetafuta perege wa asili wa Mto Wami, hapo hapo jirani, ambaye ukoo wake unastahimili chumvi, au mwatiko, samaki wa baharini asiyejali chumvi kabisa.

Hao wachache usiwahamishie maji ya kisima ghafla kwa huruma. Watapata taabu ileile, kinyumenyume.