Kwa mliokuja na Kihebrania cha Voynich

Wiki hii nimepokea usomaji mpya wa hati ya Voynich, kile kitabu cha kale cha picha za mimea na nyota chenye mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuusoma, kutoka kwa vijana watatu wasiofahamiana, na wote watatu wamegundua kuwa ni Kihebrania. Wa kwanza kapata sala. Wa pili kapata dawa za wanawake. Wa tatu kapata vyote viwili katika mstari mmoja. Funguo zao, yaani herufi ipi ya hati wameipa herufi ipi ya Kihebrania, hazifanani hata kwa herufi moja. Wadogo zangu, nawapenda, lakini simu inaita saa nane za usiku. Hebu kaeni tuongee.

1. Someni makala yenyewe, achaneni na vichwa vya habari. Haupiti muda kabla mtu hajaniambia "kompyuta ilishathibitisha". Hauer na Kondrak wa Chuo Kikuu cha Alberta walichapisha kazi yao mwaka 2016. Magazeti yakaidaka Januari 2018. Programu yao waliijaribu kwanza kwa Tangazo la Haki za Binadamu katika lugha 380, kisha wakaielekeza kwenye Voynich. Kihebrania kikaongoza, ila kwa kudhani kwamba irabu zimeachwa na herufi za kila neno zimepanguliwa. Sentensi ya kwanza waliipata baada ya kurekebisha tahajia hapa na pale na kuipitisha Google Translate: mwanamke anatoa mapendekezo kwa kuhani, kwa mwenye nyumba, kwangu na kwa watu. Wenyewe hawakudai kuwa wameisoma hati. Hayo ya kudai mmeyaongeza ninyi.

2. Shika nakala moja ya EVA, yaani ule mwandiko wa hati ulioandikwa upya kwa herufi zetu za kawaida, sema ni ipi, usiibadilishe katikati ya safari.

3. Ngozi ya kurasa zake imepimwa umri, ni ya kati ya 1404 na 1438. Kihebrania cha redio ya Tel Aviv ya leo hakitakuvusha.

4. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoungua.

Nilikuwa na miaka miwili tu ya Kihebrania cha chuo cha theolojia, kile cha kusoma Zaburi na kamusi iko pajani. Nikaliona neno daiin, lile linalotokea zaidi ya mara 800. Kwa herufi za Kihebrania: dalet, yod, nun. Din! Hukumu! Sikulala. Asubuhi nikagundua kwamba kurasa za mimea zimejaa daiin, na mmea gani huo wenye kesi nyingi kiasi hicho? Sikutishika. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "hukumu ya mmea, yaani kipimo cha dawa." Mtu akishaanza kujitungia visingizio vya namna hiyo anyang'anywe kalamu, lakini nilikuwa peke yangu.

Ndipo nikafika kwenye ol, nikaipa alef na lamed. Mnajua wenyewe: el ni Mungu, el ni "kuelekea", al ni katazo "usi". Na kwa kuwa nilishajiruhusu kupangua herufi, ukizigeuza unapata lo, "si". Yaani kwangu Mungu na hapana vilikuwa neno moja. Nilichaguaje? Nilitazama picha! Penye mizizi nikataka katazo, penye nyota nikamtaka Mungu. Nikajaza kurasa 43 za daftari, nikazipiga picha, nikamtumia mwalimu wangu wa zamani na neno moja tu la kutangulia: "Hatimaye."

Akapiga jioni. Nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, chukua maandishi yoyote unayoyaelewa, yapitishe kwenye mashine yako hiyohiyo. Halafu nipigie."

Karibu yangu palikuwa na karatasi ya mama ya kupika pilau, imebandikwa kwenye mlango wa friji. Nikaanza na mchele. Toa irabu, inabaki m, ch, l. Ile ch ya EVA nilikuwa nimeipa het, basi na hii nikaipa het. Pangua. Lechem, mkate. Melach, chumvi. Chalam, aliota ndoto. Chamal, alihurumia. Machal, alisamehe. Neno moja la sokoni, na Biblia nzima imo ndani! Bizari ikaleta b, z, r: kutawanya. Nilipofika mstari wa nne pilau la mama lilikuwa limegeuka unabii: mtu aliota mkate, akahurumiwa, akatawanywa pamoja na chumvi. Lilisomeka vizuri kuliko Voynich yangu.

Sikumpigia mwalimu kwa wiki tatu.

Msiniambie basi kwamba kosa ni kukosa irabu. Wazee wetu wa pwani walisoma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambamo b moja ingeweza kuwa b, mb, au hata p, na hawakubabaika, kwa sababu sentensi iliwabana: ngeli hapa, kitenzi pale, neno moja tu linakubali kuingia. Mimi sikubanwa na chochote. Kila nilipokwama nilikuwa na mlango wa nyuma, na milango ile sikuihesabu hata siku moja. Ihesabuni yenu.

5. Kabla hujataja lugha yoyote, nieleze kwa nini q inafuatwa na o karibu kila mara, na kwa nini neno lilelile linajirudia mara mbili, hata tatu, kwa mfululizo. Ukinijibu "ni sala", ninafunga kompyuta.

6. Currier, mtaalamu wa maandishi ya siri, alionyesha miaka ya 1970 kwamba hati ina "lugha" mbili, A na B, na takwimu zake hazifanani. Ufunguo uliouchonga kwenye kurasa za mimea za A upeleke kwenye kurasa za B zenye picha za mabafu bila kuugusa. (Mwenzenu hakuupeleka. Alikuwa na shughuli nyingi na hukumu za mimea.)

7. Wewe uliyenitumia juzi "kuhani wa bafu": nimekurudishia kurasa tatu katika EVA, bila picha na bila namba za folio (karatasi za hati). Mbili ni za hati. Moja ni pilau la mama, nimelipitisha kwenye jedwali la kubadilisha herufi. Nitafsirie zote tatu kwa ufunguo wako, unipigie mchana.