Wiski inanuka au inanukia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa kaunta katika hoteli moja hapa Kigoma mjini. Mgeni kutoka Uskoti alituachia chupa ya wiski aina ya singo molti, na bosi anataka tuandike kadi ya Kiswahili kwa wateja watakaokuja kuionja. Nimeandika hivi: "Wiski kali, tamu, inayonuka zabibu, iliyozeeshwa katika kasiki la mwaloni la sheri na kujazwa na mfungashaji huru." Mwenzangu amecheka mpaka machozi, lakini hasemi kosa liko wapi. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba. Mwenzako bila shaka alianza kucheka alipofika kwenye "inayonuka". Kunuka ni kwa soksi na maji ya mtaro. Kinachoipendeza pua hunukia. Ni hiyo -i- peke yake inayotenganisha sifa na tusi. Mwambie bibi harusi "unanuka" uone kitakachokupata. Wiski yako, basi, inanukia zabibu kavu, inanukia tende, inanukia mdalasini. Ndizo harufu zinazotajwa sana kwa wiski iliyokaa kwenye pipa la sheri, aina ya mvinyo.

Ila "inanuka" usiitupe, itakufaa. Baadhi ya mapipa ya sheri hufukizwa kwa salfa ili yasiharibike, na wiski iliyokaa humo wakati mwingine hubeba harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Wapo wanaoipenda, wapo wanaoisukuma glasi kando. Wa kwanza atakwambia "inanukia kiberiti", wa pili "inanuka kiberiti", na wewe utajua nani wa kuongezewa bila kuuliza.

"Kali" si kosa, ni uvivu. Tunaisemea pilipili, jua, kisu, dawa na baba mkwe. Ndani ya glasi hii mna ukali wa namna tatu, na Kiswahili kina neno la kila mmoja. Kuna ukali wa kilevi. Sheria ya Uskoti inaruhusu wiski iingie chupani ikiwa na kilevi cha asilimia 40 tu, lakini wafungashaji wa aina unayoitaja, wanaojaza chupani wiski iliyotengenezwa na wengine, mara nyingi huiacha na nguvu ileile iliyotoka nayo pipani, na kuvuka asilimia 55 si ajabu. Huo unaunguza. Mteja akidondoshea matone machache ya maji unapoa, na harufu zilizokuwa zimefunikwa zinajitokeza. Kisha kuna ule wa viungo, tangawizi na karafuu, ambao hauunguzi: unawasha. Na wa tatu unatoka kwenye mbao. Ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani, unatamani kumeza mate na hayapo. Aliyewahi kuuma ndizi mbichi anaujua: ni ukakasi. Najua neno hilo siku hizi limetekwa na vikao, kila hoja isiyopendwa na mwenyekiti "ina ukakasi", lakini asili yake ni mdomoni, na kaunta ni mahali pazuri pa kulirudisha.

"Tamu" nayo itakuletea kesi. Mchuzi wa mgebuka ni mtamu bila chembe ya sukari, sawa, lakini kwenye kinywaji mteja ataelewa sukari, na humo hamna. Hata sheri yenyewe si lazima iwe ya sukari. Ile iitwayo oloroso kwa kawaida ni kavu kabisa. Kinachobaki kwenye mbao ni harufu na ladha ya tunda, nazo huingia kwenye wiski, na kazi hiyo Kiswahili huiita kukoleza. Sema wiski imekolea zabibu.

Sasa "iliyozeeshwa". Maisha humzeesha mtu, na hakuna anayeshukuru. Wiski haipelekwi pipani ili izeeke. Inaingia ikiwa bichi na maji meupe, inatoka na rangi na utulivu. Hiyo ni kukomaa. Usijaribu "kuvundikwa", japo ndizi za pombe huvundikwa na zinaiva vizuri, maana msomaji mwenye haraka atasoma "imevunda". Kama umri umeandikwa kwenye lebo, useme wazi: imekaa pipani miaka kadhaa. Kwa Uskoti haipungui 3.

Kasiki ni mtungi mkubwa wa udongo. Unachokitaka ni pipa, na hapa lugha imekupendelea, kwa sababu neno hilo tulilipata kwa Wareno, ambao pipa lao ni hasa lile la mbao la kutunzia mvinyo. Nalo neno mvinyo limetoka kwao. Lakini usiandike "pipa la sheri" ukaishia hapo, mteja atadhani sheri bado imo. Ni pipa lililokuwa na sheri, mvinyo ulioongezewa kilevi wa huko Jerez, kusini mwa Hispania. Halafu "pipa la mwaloni": kamusi iko nawe, na waliosoma Biblia wanaikumbuka mialoni ya Mamre. Lakini uko Kigoma! Mteja anayetoka Kibirizi akisikia mwaloni, anafikiria mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na anaona mitumbwi na dagaa walioanikwa. Andika "pipa la mti wa mwaloni", umalize.

"Mfungashaji huru" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Huru kutoka kwa nani? Mfano unao nyumbani: mfanyabiashara anayenunua dagaa kwa wavuvi, akawachambua na kuwauza kwa jina lake, bila kumiliki hata wavu. Gordon & MacPhail wa Elgin, Uskoti, walioanza 1895, wamejijengea jina kwa namna hiyo katika wiski. Tuseme "mfungashaji asiye mtengenezaji". Ni refu, lakini halihitaji maelezo.

Singo molti iache ilivyo, ukiongeza kuwa ni wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja. Kimea kila mpika pombe anakijua. Kadi yako ningeiandika hivi: "Singo molti ya Uskoti, ya kimea cha shayiri. Imekomaa katika pipa la mti wa mwaloni lililokuwa na sheri. Inanukia zabibu kavu na mdalasini, inawasha kidogo, na mwishoni ina ukakasi wa mbao. Imejazwa na mfungashaji asiye mtengenezaji." Hizo harufu uzithibitishe kwa pua yako kabla ya kuzichapa, maana mimi chupa sijaiona. Bei weka kwa toti, na toti hiyo iandike hivyohivyo.