Sauti Inakataza, Picha Inaruhusu

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni muongoza watalii, nipo Kilwa Masoko, navusha wageni kwenda Kisiwani kutazama magofu. Nimetengeneza filamu ya dakika sita kwa simu ili wageni wajue kuheshimu pale: wasipande kuta, wasiokote vigae, wasipige watu picha bila kuwaomba. Nimeweka sauti yangu ikieleza yote hayo, na picha nzuri za kuta na bahari. Nyumba moja ya wageni huionyesha jioni. Wiki iliyopita mgeni aliyeitazama alipanda ukuta wa Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, akakaa juu apigwe picha. Nilipomkataza akaniambia, "Mbona kwenye filamu yako kuna mtu amekaa hapohapo?" Ni kweli, ni rafiki yangu, nilimpiga kwa ajili ya jalada. Nimekosea kwenye hadithi au kwenye ufundi? Halafu upepo umeniharibia sauti nyingi. Na kibali je, natakiwa niwe nacho?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo mgeni amekukagulia filamu yako bure, na kakagua vizuri kuliko wengi tunaolipwa kwa kazi hiyo.

Sauti na picha zikigombana, picha hushinda. Wewe unasema "usipande", jicho linaona kijana kapanda, jua la jioni linampiga usoni, kapendeza. Mgeni atakumbuka lipi? Ifute hiyo shoti leo, na jalada libadilishe, na kama uliiweka mtandaoni ishushe. Hilo ni la dakika tano.

Kubwa zaidi ni hili. Kaa na filamu yako, zima sauti, uhesabu shoti zenye mtu wa Kisiwani ndani yake. Mvuvi, mama anayesuka mkeka, mtoto anayetoka chuo cha Kurani, nahodha wa mashua. Nadhani hazifiki tatu. Sote tunaanza hivyo: tunasubiri watu wapite ndipo tupige, tukiamini mahali patupu ndipo pazuri. Lakini ukuta usio na mtu unamwambia mgeni kuwa hapana mwenyewe, na pasipo mwenyewe mtu hupanda, huokota, huchora jina lake. Neno lenyewe "gofu" limeshampa ruhusa nusu. Kazi ya filamu yako ni kumrudisha mwenyewe kwenye picha.

Sisi tuna kitu cha kufanyia kazi hiyo na hakihitaji maelezo: hodi. Anza filamu mashua ikigusa mchanga, mgeni anashuka, maji yapo magotini. Anasimama. Nahodha anapaza hodi kuelekea kijijini, halafu kimya kidogo, kisha sauti ya mtu mzima inajibu "karibu" kabla hatujamwona. Hapo hujasema neno lolote kuhusu heshima, na mtazamaji ameshajua kwamba anaingia kwa watu. Wakikutana na mama wa mkeka, mgeni anashusha kamera, anaomba, anaitikiwa, ndipo anapiga. Muda wote huo ni sekunde nane, na usiuharakishe.

Kuhusu vigae, usitangaze. Onyesha kimoja. Mgeni anainama, anakitoa mchangani, anakifuta kwa kidole gumba hadi rangi ya kijani ing'ae. Shoti ya karibu kabisa, vidole na kigae tu. Nahodha ananyoosha kiganja. Mgeni anadhani kinatakiwa kuuzwa, anampa. Nahodha anachuchumaa, anakirudisha palepale, kwenye shimo ambalo bado lina umbo lake, anakifunika mchanga. Sasa ndipo sentensi yako moja ya sauti inapoingia: hiki kilikuja na biashara kutoka China, na mtaalamu wa mambo ya kale husoma umri wa ardhi kwa kuangalia kigae kimelala tabaka gani. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, alipochimba Kisiwani miaka ya 1960 alitegemea mambo kama hayo. Kikishahamishwa kinabaki kipande cha sahani tu. (Kwa ajili ya shoti hiyo nunua sahani Masoko uivunje, tafadhali. Usichokonoe kigae cha kweli ili utengeneze filamu ya kuzuia watu kuchokonoa vigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuachi hata wewe.)

Historia ipunguze. Naamini umeanza na Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, na mwaka 1331 alipofika Kilwa, maana kila filamu ya Kilwa huanza naye. Mwache apumzike. Kama unataka jambo la kihistoria linalomgusa mgeni miguuni, chukua mkoko. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, bahari ikiwa mojawapo ya sababu kwa jinsi ilivyokuwa ikila ukingo, na mwaka 2014 yakatolewa huko baada ya kazi kubwa ya kuyaokoa. Mkoko ni ukuta unaolinda ukuta. Shoti moja ya maji yakijaa, wimbi linavunjikia kwenye mizizi, nyuma yake kuta za matumbawe na chokaa zimetulia. Mgeni atauelewa mti huo, na nahodha akimwambia asifunge kamba hapo hatauliza kwa nini.

Na mimi niliwahi kuharibu, tena vibaya kuliko wewe. Miaka kadhaa nyuma, kwenye ufuo mmoja huku Mtwara, nilipata nafasi ya kupiga kasa akipanda kutaga usiku. Nilitaka uso wake. Nikawasha taa ndogo, ndogo kweli, ya kwenye simu. Kasa alisimama, akageuka, akarudi baharini bila kutaga. Shoti ninayo mpaka leo, ni nzuri, na sijawahi kuitumia, kwa kuwa yeyote atakayeiona ataenda kununua taa. Kwa hiyo kabla ya kila shoti jiulize: mgeni akiiga nilivyosimama mimi na kamera yangu, nini kitaharibika?

Sasa ufundi. Upepo wa kusi ni vigumu kuutoa vizuri kwenye kompyuta, kwa hiyo usiuachie uingie. Rekodi mazungumzo asubuhi mapema kabla haujapata nguvu, au ndani ya kuta, ambazo zinakinga upepo vizuri. Usitegemee maiki ya simu inayopiga picha. Chukua simu ya pili, chomeka earphone zenye maiki, ibane maiki chini ya khanga au ndani ya kola ya kanzu, ifunge kipande cha sponji, simu ikae mfukoni. Mwanzo wa kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utaoanisha kofi la picha na kofi la sauti. Kisha rekodi nusu dakika ya mahali bila mtu kusema. Utaishukuru hiyo nusu dakika.

Mwanga: saa saba mchana jiwe la Kilwa linakuwa jeupe kama unga na alama zote za mikono ya waashi zinapotea. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, gusa ukuta kwenye kioo cha simu ufunge mwangaza hapo, usifunge kwenye anga. Na angalia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufuo uliouacha asubuhi siyo utakaoukuta mchana, na shoti zako hazitaungana.

Kibali ndiyo, unahitaji. Bodi ya Filamu ipo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kaanzie huko. Wasimamizi wa magofu waombe ruhusa ya kupiga picha, siyo ya kuvuka tu. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watu wanaoonekana usoni wakuandikie ridhaa kwenye karatasi ya Kiswahili wanachokielewa, na mtoto aandikiwe na mzazi.

Dakika sita ni nyingi. Kata zifike mbili, uzionyeshe Masoko kabla ya kuvuka, wakati mgeni anasubiri mashua, siyo jioni akiwa ameshachoka na ameshapanda. Weka daftari: wageni ishirini bila filamu, wangapi walipanda ukuta, ishirini wengine baada ya filamu, wangapi. Namba hizo ndizo za kumpelekea mwenye nyumba ya wageni unapomwomba hela ya filamu ya pili.

Lakini kabla ya mgeni yeyote kuiona, vuka nayo Kisiwani, tundika shuka jeupe, waonyeshe wenyewe. Wakicheka mahali ambapo hukutegemea, usikimbilie kukata. Muulize nahodha wanacheka nini.