Dada, kuhusu mpira wa mpwa wangu

Dada shikamoo. Sauti uliyonitumia niliisikilizia kwenye basi, natoka zamu ya usiku ghalani. Unasema mtoto ametimiza 15, Tanga nzima hakuna wa kumkaba, kuna wakala anadai milioni tatu za "majaribio Uingereza", na mimi si nakaa Manchester, nishindwe nini kumpokea?

Kwanza, huyo wakala usimpe hata senti. Sheria za FIFA, shirikisho la mpira la dunia, hazimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wake wenyewe wamehama kwa shughuli zao. Mjomba si mzazi. Na tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, klabu za huku hazisajili watoto wa nje wa umri huo hata zikiwapenda vipi.

Sasa waulize wazee mashabiki wa Manchester United hapo kijiweni habari za mchezaji wa zamani, Brian McClair. Mskoti huyu alikuja klabu ya Aston Villa, huku Uingereza, akiwa kijana wa mafunzo, msimu wa 1980/81. Hakupata nafasi, akarudi kwao. Akaanza upya klabu ya kwao ya Motherwell, huku akisoma hisabati Chuo Kikuu cha Glasgow (hisabati, dada, ile anayoikimbia mwanao). Celtic, klabu kubwa ya huko kwao, wakamchukua 1983, akafunga mabao kama mchezo. Mwaka 1987 kocha Alex Ferguson akamleta United, na msimu wa kwanza tu akatia mabao 24 ya ligi. Tangu enzi za nyota wao George Best hakuna wa United aliyekuwa amevuka mabao 20 ya ligi kwa msimu.

Baadaye akageuka mwalimu wa vijana, na kuanzia 2006 hadi 2015 akawa mkuu wa akademi ya United. Kina Pogba na Lingard, waliotwaa kombe la vijana la FA, chama cha mpira cha huku, mwaka 2011, ni wa enzi zake. Lakini kikosi kile kilikuwa na Ravel Morrison pia, ambaye wengi walimwona fundi kuliko wote. Huyo hakuichezea United hata mechi moja ya ligi.

Hilo la kuachwa nalijua kwa karibu. Mwanangu alikuwa kwenye klabu moja ya huku, miaka miwili, mimi namsindikiza mazoezini kwenye mvua nikiwa sijalala. Siku moja tukaitwa chumbani, dakika kumi, tukapewa mkono wa kwaheri. Kwenye basi mtoto alikataa kuvua njumu. Akaingia nazo hadi ndani, zina matope, mama yake akanyamaza tu. Sikuwaambia nyumbani kwa sababu picha zake na jezi nilishawatumia.

Kwa hiyo mpwa wangu amalize kidato cha nne, acheze hapo hapo. Ada nitatuma mwisho wa mwezi. Njumu nazo nitatafuta. Mchoree mguu kwenye karatasi, unipigie picha.