PhD ya mazingira: uanze na msimamizi au ufadhili?
Mkuu, umesema una masters, unataka PhD kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji, na hujui uanze kutafuta msimamizi au ufadhili. Anza na msimamizi. Wafadhili wengi watakuuliza nani anakusimamia. Soma makala mbili tatu za msimamizi unayemtaka, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali moja la utafiti. Zile za "naomba nafasi ya PhD" nyingi hazijibiwi.

Swali lenyewe lipunguze. "Athari za tabianchi kwa mikoko" ni kazi ya watu kumi. Ila ukiuliza mita moja ya juu ya udongo ina kaboni kiasi gani pale mikoko ilipofyekwa kupisha mpunga, hiyo inapimika.

Pesa: angalia WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyo pale Zanzibar, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Kibali cha utafiti fuatilia mapema.

Uwanjani sasa, ratiba anapanga mwezi, si wewe. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakijaa, mnakaa kwenye ngalawa mnasubiri. Halafu unene wa mkoko wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu haupimwi usawa wa kifua kama mti wa bara. Unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa hiyo utapanda, futi kamba mdomoni, matope hadi mapajani. Mimi nilipoteza wiki sita kwa sababu tanuri la kukaushia udongo liliungua maabara. Hayo hayamo kwenye proposal ya mtu yeyote.

Ushaenda Rufiji kuona, au bado uko kwenye ramani?